Mtoto Aliyepimwa Amelala

Wenzangu mnaobaki kwenye baraza ya ushonaji ya Kabeza, Kigali, mliniomba niwaandikie niliyojifunza kazini kabla sijavuka daraja la Rusumo kurudi kwetu Ngara. Nadhani mlitaka karatasi moja ya maelekezo: namna ya kutia kola isiyokaba shingo, namna ya kumjibu mteja anayedai gauni limepungua wakati yeye ndiye aliyeongezeka. Nilijaribu. Karatasi ya kwanza niliichana kwa sababu mistari ilikuwa inapanda juu upande wa kulia. Ya pili ilinyooka vizuri lakini haikuwa na kitu ndani. Hii nimejikataza kuichana.

Nina miaka thelathini na moja na nimestaafu. Sababu mnaijua: vidole vya mkono wa kulia vimekufa ganzi, na daktari amesema mkasi na sindano ndivyo vilivyoniletea. Fundi asiyesikia uzi kwenye vidole ni hatari kwa vitambaa vya watu. Nilipompa habari hiyo Mzee Batazari, mwenye baraza na mwalimu wangu, aliinua uso kutoka kwenye cherehani akanitazama kama mtu aliyeibiwa zamu.

"Weye unastaafu? Mimi niko hapa tangu Kabeza iko mashamba matupu! Weye umenipita foleni."

Nilipopanga kurasa zangu mezani niliona jambo lililonikera. Siku yangu ya kwanza kazini ilijaza kurasa kadhaa. Mwaka huu wa mwisho, ambao nimeshona kuliko mwaka wowote, ulitosha aya moja. Mnanijua: hupima mikono yote miwili ya mteja kwa sababu mmoja unaweza kuwa mwongo. Kwangu mimi hilo lilikuwa kosa la ukataji, kipande kimoja kipana na kingine chembamba kwenye nguo ileile. Nilijaribu kusawazisha. Nilikaa nikitafuta mambo ya mwaka huu ya kuongeza, nikapata mashati, na mashati, na mashati. Kwa hiyo nimeacha kurekebisha. Nitaeleza tu.

Nilifika Kigali mapema mwaka 1990, mkasi wangu nimeufunga kwenye taulo. Ushonaji sikufundishwa na mtu. Kwetu nilikuwa nanunua makoti ya mitumba yaliyochanika, nayafumua uzi baada ya uzi, nachora kila kipande kwenye gazeti, kisha nayashona tena mpaka yarudi kuwa makoti. Mengine hayakurudi. Ndiyo maana nina hofu ambayo mafundi waliopita chuoni hawaijui: kwamba siku moja mtu atataja mshono ambao kila fundi duniani anaujua isipokuwa mimi. Hofu hiyo ninayo hata sasa, na sishoni tena.

Mzee Batazari ni Mrundi wa Bujumbura aliyekuja Kigali akiwa kijana. Siku yangu ya kwanza alinipa kaptula ya kaki ya mwanafunzi, tayari imekatwa, akasema niishone aone mkono wangu. Ni kazi ndogo. Mimi nilianza asubuhi, na ndege ya mchana ilipopita juu ya mabati yetu kwenda kutua Kanombe nilikuwa bado kwenye mfuko wa kushoto.

"Petit," akaniita, yaani kijana kwa Kifaransa chake, "hiyo kaputula ni ya mutoto ama ya askofu?"

"Mfuko huu umeshuka kuliko ule, Mzee."

"Umeshuka wapi?"

Nikamwonyesha. Akavuta miwani chini ya pua, akatazama, akairudisha.

"Mutoto ataweka ndani mawe. Ataweka panzi. Panzi haiangalii mufuko kama umeshuka."

Niliufumua hata hivyo. Jioni aliniambia nirudi kesho, tena nije na chakula changu, kwa sababu inaonekana kaptula moja itanichukua mpaka Noeli.

Siku hiyo naikumbuka yote. Nakumbuka pasi ya mkaa ilivyokuwa na mpini uliofungwa kitambaa cha maua, mwanamke wa duka la jirani alivyokuwa akiita mtoto wake, na uzi wa kaki ulivyokuwa umepauka kidogo kuliko kitambaa chenyewe, jambo lililoninyima usingizi. Kaptula za baada ya hapo ni mamia. Nikiulizwa kuhusu mojawapo nitatunga.

Kazi yetu kubwa, mnavyojua, ni sare za shule: kaki kwa wavulana, buluu kwa wasichana. Na kila mzazi anataka akiba, kile kitambaa cha ziada kinachokunjwa ndani ya upindo ili nguo ifunguliwe mtoto akirefuka. Mwanzoni nilipigana na desturi hiyo. Niliona aibu kumvisha mtoto gauni linalokaa kama hema. Septemba yangu ya kwanza nilishona sare zinazowakaa watoto sawasawa, na wakapendeza kweli, na kabla mvua hazijakatika mama zao walinirudia wamekasirika. Mmoja aliniwekea gauni mezani akasema, "Fundi, umeshonea mtoto wa jana!" Mzee Batazari alimaliza siku nzima anacheka. Tangu hapo naweka akiba, lakini nakunja upindo kwa mkono usionekane.

Kwenye kupima sare ndipo nilipoanza kuona jambo ninalotaka kuwaandikia. Mzazi akija na mtoto mwaka unaofuata, maneno ni yaleyale.

"Fundi, lakini juzi tu ulimpima!"

"Ni mwaka mzima, mama."

"Mwaka? Wapi! Unataka tu kunishonea tena."

Siku moja mama mmoja alipokuwa anabishana hivyo, nilimgeukia mwanawe, mvulana wa miaka saba, nikamuuliza ni lini nilimshonea kaptula aliyovaa. Alifikiri kwa bidii. "Nilipokuwa mdogo," akasema. Mama yake akacheka, lakini mtoto hakuwa na mzaha. Alinijibu kama mtu anayeulizwa habari za mababu. Kaptula ileile, kwa mmoja ilishonwa juzi, kwa mwingine ilishonwa katika zama nyingine kabisa, na wote wawili walikuwa wamesimama mbele yangu.

Nilimuuliza Mzee Batazari kwa nini. Hakuacha kukanyaga cherehani. Alisema nitazame bobini, lile gurudumu dogo la uzi wa chini. Likijaa uzi linazunguka polepole. Uzi ukibaki kidogo linazunguka mbio, na mashine inavuta uzi kiasi kilekile. "Mutoto iko bobini imejaa," alisema. "Mimi niko karibu na chuma. Sasa Pasaka na Noeli kwangu ni majirani, wanaazimana chumvi."

Ni maelezo mazuri, na ninyi mtayasikia kwake mara nyingi. Mimi yaliniacha na mashaka. Nilikuwa bado sijafika thelathini, bobini yangu ilikuwa na uzi tele, na tayari miezi ilikuwa inanipita bila kupiga hodi. Nikaanza kufikiri kwamba tatizo si uzi uliobaki. Tatizo ni kushona kitu kilekile. Ile kaptula ya kwanza niliishona nikiwa macho, kwa hofu, na kila mshono ulikuwa mpya. Nilipokuwa fundi mzuri, mikono ilianza kushona peke yake, na mimi nikawa sihitajiki pale. Siku zisizokuhitaji hazikuachii kitu. Hili linanitisha kidogo, kwa sababu maisha yangu yote nimetafuta kuwa fundi ambaye mikono yake haihitaji kufikiri.

Vita vilipoanza Oktoba ile ya mwaka 1990, nilikaa siku kadhaa ndani ya chumba changu nikisubiri karatasi zangu za ugeni zikaguliwe. Siku hizo zilikuwa ndefu ajabu, na hadi leo ni ndefu. Nalisema hili ili msidhani siku ndefu lazima iwe nzuri.

Mwaka 1993 nauweka hapa, nje ya mpangilio, ili usisumbue mbele. Nilishona mashati mengi. Tulibadilisha mkanda wa cherehani ya pili. Vidole vilianza kufa ganzi. Basi.

Sasa nirudi mwaka 1992, kwenye jambo ninaloliona kuwa ndiyo kazi yangu ngumu kuliko zote, ingawa lilikuwa gauni moja tu.

Alhamisi moja baada ya Pasaka aliingia barazani dereva wa lori aitwaye Sipiriani, mkazi wa hapo Kabeza. Alikuwa anatoka Gatsata ambako lori lake lilikuwa linatengenezwa breki, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi mpaka viwikoni. Kwa hiyo mfuko wa plastiki aliokuja nao alikuwa ameung'ata kwa meno. Aliinama mezani kwangu akauachia taratibu.

"Ni nyeupe," alisema mdomo ulipopata nafasi. "Musiguse kama hamujaosha mikono."

"Huyu ni ndugu yako," Mzee Batazari akaniambia.

Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe, chepesi, alichokinunua Dar es Salaam. Binti yake Imakulata alikuwa anapokea komunyo ya kwanza Jumapili ile, Rwamagana, alikokuwa analelewa na bibi yake tangu mama yake alipofariki. Sipiriani alitaka gauni kesho yake asubuhi. Tangu barabara ya mpaka wa kaskazini, Gatuna, ilipofungwa kwa vita malori yalikuwa yanapita upande wa Rusumo, kwa hiyo Rwamagana ilikuwa njiani kwake. Angesimama dakika moja, amwachie bibi gauni, awafuate wenzake Kayonza. Malori ya kampuni yao yalikuwa yakienda mpakani kwa pamoja, na dereva aliyechelewa alikuwa na maelezo ya kumpa bosi.

"Tutampimaje mtoto?" nikauliza.

"Mi nishapima."

Akanielekeza kwa kidevu nitoe kitu kwenye mfuko wa shati lake. Ilikuwa kamba nyembamba ya katani yenye fundo kila mwisho: kutoka utosini mpaka kisiginoni. Mzee Batazari aliinyoosha mezani, akaweka futi pembeni, akapima mara mbili.

"Huyu mutoto iko na miaka ngapi?"

"Sita. Saba."

"Sita ama saba?"

"Saba."

"Na padri anamupa komunyo? Iko darasa la ngapi?"

"La pili." Sipiriani alifikiri. "La tatu. Anasoma vizuri."

"Akienda maji anabeba jerikani gani? Ile kadogo ya mafuta ama ile ya njano?"

Sipiriani alisema bibi wa mtoto ndiye anayejua mambo ya maji. Mzee Batazari akamuuliza basi mtoto alizaliwa mwaka gani, naye akasema ule mwaka aliopewa lori la kwanza. Akaanza kuhesabu kwa vidole vyake vyeusi. Akahesabu tena kwa kuanzia mkono mwingine, kama mimi na mikono ya shati.

"Tisa," alisema. "Anaenda kumi." Halafu, kama mtu anayelalamikia bei: "Haiwezekani. Juzi tu nilimubeba kwa bega!"

"Ulimpimia wapi?" nikauliza.

"Kwa kitanda. Mi napita asubuhi sana, jua haijatoka. Naacha sukari, namuangalia, naenda. Yeye iko inalala."

"Alikuwa amelala amenyooka?"

Alianza kusema ndiyo, akaacha. Pale pale aliposimama alikunja mikono kifuani na kupinda magoti kidogo, mtu mzima wa kimo kile, akijaribu kukumbuka. "Analala hivi," alisema.

Alikuwa amempima mtoto aliyejikunja. Na kamba haikumshtua, kwa sababu ilimpa mtoto yuleyule aliyekuwa naye kichwani.

Mzee Batazari alisema tukate kwa mtoto wa miaka tisa wa kawaida, tuweke akiba ya kiganja kizima, Mungu atasaidia. Nilimwambia kitambaa kile kinaonyesha. Upindo mpana ungeonekana kwa nje kama bandeji. Na hata tukisema urefu una akiba, kifua hakina, mabega hayana. Kitambaa kilikuwa kinatosha gauni moja, na Jumapili ilikuwa moja. Nilisikia sauti yangu ikipanda, kisha nikasikia ikisema jambo ambalo sikulipanga.

"Nichukue kwenye lori. Nitampimia huko huko."

"Weye?" Mzee Batazari aliondoa mguu kwenye kanyagio. "Weye unaogopa hata kuku ya jirani."

Ijumaa asubuhi nilipanda lori nikiwa nimekumbatia kitambaa ndani ya shuka, mkasi na sindano kwenye taulo. Sipiriani aliendesha kama watu wanavyopiga pasi, bila kutazama. Nilimuuliza kama hachoki na njia ile. Alisema hachoki kwa sababu haioni tena. "Barabarani mi nakula kilometa tu. Jumatatu inaingia ndani ya Ijumaa. Najua nimefika kwa sababu mafuta imepungua." Alisema mwanzoni, kijana, alijua kila kona na kila mti. Safari moja ilikuwa kama mwaka. Sasa mwaka ni kama safari moja, tena ya kurudi, lori likiwa tupu.

Kwenye kizuizi kimoja askari alitaka kuona kilicho ndani ya shuka. Nilikifunua mwenyewe, haraka, ili asikiguse.

"Ni nini hii?"

"Ni gauni, afande."

"Gauni iko wapi?"

"Bado."

Alinyoosha mkono. Alikuwa anakula muwa. Nakiri kwamba sikuiona bunduki yake hata kidogo. Niliona vidole vyake tu. Sipiriani aliwahi kumwambia kwa Kinyarwanda kwamba ni la komunyo ya mtoto wake, na askari akaurudisha mkono, akaufuta kwenye suruali, akatupungia tupite.

Rwamagana tulifika jua likiwa limepanda. Sipiriani aliacha injini ikinguruma, akashuka kunionyesha nyumba, mbio, jicho kwenye saa. Kwenye njia ya kutoka kisimani alikuwa anapanda msichana mwembamba mwenye jerikani ya njano kichwani, mkono mmoja umeishika, shingo imenyooka. Sipiriani alimpisha njia. Alimpisha kabisa, akasogea kwenye majani, kama tunavyompisha mtu yeyote mwenye mzigo. Ndipo msichana aliposimama.

Kihangaza cha kwetu kiko karibu na Kinyarwanda, kwa hiyo niliwaelewa. Sipiriani alimwambia, "Waramutse, mwana wanjye," yaani umeamkaje, mwanangu. Hiyo ni salamu ya asubuhi, ya mtu mliyeonana jana. Mtoto akajibu, "Muraho." Hiyo ni ya mtu mliyepotezana siku nyingi.

"Muraho?" Sipiriani alijaribu kucheka. "Mimi nilikuwa hapa juzi. Sukari alileta nani?"

"Nyogokuru alisema ni wewe. Mimi sikukuona." Jerikani haikutikisika. "Na ile sukari ilikwisha zamani sana."

Bibi yake, huyo nyogokuru, aliyekuwa ametoka mlangoni anachechemea kwa goti bovu, alisema sukari ililetwa kabla ya Kwaresima. Alinikaribisha kwa Kiswahili chake, "Kalibu, fundi," akamsaidia mtoto kutua maji.

Nilimpimia uani. Alisimama wima, ameshika pumzi kama watoto wanavyofanya wakidhani pumzi itaharibu vipimo. Sipiriani alikuja nyuma yake na ile kamba ya katani. Aliiweka kisiginoni kwa mtoto akaipandisha mgongoni. Iliishia chini ya mabega. Aliiangalia pale ilipoishia, kisha akaizungusha kidoleni taratibu.

"Hiyo kamba ya nini?" Imakulata akauliza bila kugeuka.

"Ya kufungia mzigo."

Injini ilikuwa bado inanguruma barabarani. Sipiriani aliniambia atanipitia akirudi, au nipande basi, nauli hii hapa. Imakulata, mikono yake bado imenyooshwa pembeni kwa ajili ya futi yangu, alikuwa akimweleza bibi yake jinsi walivyofanya mazoezi kanisani: kila mtoto na mshumaa, na nyuma ya kila mtoto mzazi wake amemwekea mkono begani. Yeye amemwomba mama wa jirani asimame, kwa sababu goti la bibi haliwezi.

"Kwa nini hukuniomba mimi?" Sipiriani akauliza.

Mtoto alimtazama kwa mshangao, bila hasira. "Wewe huja nikiwa nimelala," alisema.

Sikuinua macho kutoka kwenye futi. Nilisikia hatua zake zikienda barabarani, nikajua ameondoka, nikaandika kipimo cha kifua. Halafu injini ikazimwa.

Aliporudi alikaa kwenye jiwe karibu na mlango. Uso wake ulikuwa umekwisha hesabu hasara. "Bosi atanitoa kwa lori," aliniambia kwa Kiswahili, ili mtoto asielewe.

"Labda," nikasema. Sina kipaji cha kufariji.

Baadaye bosi wake alimweka kweli bila lori, muda mrefu, kisha akampa lililo kuukuu kuliko yote. Nalisema sasa ili msiniulize.

Nilikata kitambaa juu ya shuka lililotandikwa kwenye mkeka, na nikashona kwa mkono, kwa sababu cherehani ya jirani ilikuwa inaruka mishono na nisingeweza kuishi na hilo. Ijumaa yote, Jumamosi yote. Sipiriani hakuwa na la kufanya. Alichota maji na ile jerikani ya njano, akaisifu uzito. Alimsikiliza mtoto akikariri katekisimu na kumkatiza kwa maswali mpaka akakemewa. Kila mara alikuja kunisimamia.

"Bado?"

"Bado."

"Fundi, hii siku haiishi?" Alitazama saa yake, akaitikisa, akaitega sikioni. "Ni ndefu. Walahi, sijaona siku kama hii tangu niko kijana." Sikujua kama analalamika. Nadhani hata yeye hakujua.

Mimi pia siku hizo mbili ninazo nzima, na nikizikunjua zinazidi ukubwa wa mwaka 1993. Kila mshono ulikuwa mgeni. Nilikuwa ninaogopa tena kama siku ya kaptula. Kama mtaniuliza dawa ya miaka inayokimbia, nilichoona ni hiki tu, na si dawa nzuri: wakati unakwenda polepole pale unapohitajika na huna uhakika kama utaweza. Siwezi kumshauri mtu aishi hivyo kila siku. Vidole vyangu ni ushahidi.

Jumapili gauni lilimkaa. Bega la kushoto lilikuwa na kikunjo kidogo ambacho hakuna aliyekiona ila mimi, na nilikitazama misa nzima, kwa hiyo mahubiri siwezi kuwaeleza. Lakini niliona mkono uliowekwa juu ya bega hilo. Sipiriani alikuwa ameusugua kwa mchanga na sabuni tangu alfajiri, na grisi ilikuwa imebaki kwenye kucha tu. Aliushikilia juu ya kitambaa kama mtu anayegusa pasi kuona kama imepata moto. Muda ulivyosogea aliuacha ukae.

Alasiri tuliondoka. Imakulata alikataa kuvua gauni, akatusindikiza mpaka barabarani, bibi yake nyuma akiinua upindo usiguse vumbi. Sipiriani aliwasha lori, akashusha kioo.

"Utarudi lini?" mtoto akauliza.

Nilikuwa nimekaa kando ya Sipiriani, niliona mdomo wake ukifunguka. Najua lilikuwa linakuja neno gani, kwa sababu ndilo tunalowaambia watoto sisi wote: vuba, yaani karibuni tu. Aliufunga. Akatazama nje, kwenye kipande cha shamba la bibi ambako maharage yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa majani.

"Haya maharage yakivunwa," alisema.

Imakulata aligeuka akayatazama majani yale madogo.

"Huko ni mbali," alisema.

Sipiriani aliendelea kulitazama shamba, muda mrefu kuliko linavyostahili shamba dogo vile.

"Ndiyo," alimjibu. "Ni mbali sana."